Kabla hujakubali jina la saratani, fuata kipimo cha kinyama mpaka majibu yatoke

Kila ukoo una mtu mmoja ambaye mgonjwa akitokea ndo anapigiwa simu, labda kwa sababu anakaa mjini, labda anajua kuongea na madaktari bila kuogopa. Kama mtu huyo ni wewe, na mama au mjomba ana uvimbe au anatoka damu na neno saratani limeshaanza kunong'onwa nyumbani, huu mwongozo ni wako. Na mgonjwa mwenyewe asome pia, tena asome yeye kwanza.

Kitu ninachotaka ukishike mwanzo mpaka mwisho ni hiki: saratani nyingi hazithibitishwi kwa macho, wala kwa altrasaundi, wala kwa kipimo cha damu. Zinathibitishwa na kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili kilichochukuliwa pale penye tatizo, kikapelekwa maabara, mtaalamu wa patholojia akakiangalia kwenye hadubini na kuandika jina. Kabla ya hiyo karatasi kila mtu anakisia, hata dokta bingwa anakisia vizuri tu kuliko sisi. Na muda mwingi wagonjwa wetu wanaupoteza hapo hapo, kati ya dalili ya kwanza na hiyo karatasi. Shirika la Afya Duniani kwa saratani ya matiti limeweka lengo kwamba toka mtu afike hospitali mara ya kwanza mpaka ajue ana nini zisizidi siku 60. We jiwekee siku hizo hizo 60 kwa saratani yoyote, ziandike kwenye daftari, na ukiona zinakimbia anza kusumbua watu.

1. Jua dalili za kutozivumilia

Tanzania saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya mlango wa kizazi, inafuata ya matiti. Kwa wanaume tezi dume iko juu sana, na ya koo la chakula inawapata wote, wanaume zaidi.

Mlango wa kizazi: damu nje ya siku za hedhi, damu baada ya tendo la ndoa, majimaji yenye harufu yasiyoisha kwa dawa, maumivu ya kiuno na chini ya tumbo. Mama ambaye hedhi ilishakoma miaka akaona damu, hata tone moja, yaani tone moja tu, aende. Kinamama wengi wanaona aibu, watakwambia "tumbo linauma" basi, kwahiyo kama we ni mtoto wa kiume mtafute dada au shangazi akae nae pembeni amuulize vizuri. Ugonjwa huu karibu wote unaletwa na kirusi cha HPV, aina ya 16 na 18 peke yake zinabeba karibu asilimia 70, na mwanamke anayeishi na VVU hatari yake ni kama mara 6 ya mwenzake asiye nayo. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, kwahiyo kama una binti wa umri huo asikose.

Titi: uvimbe, na mara nyingi hauumi, hapo ndo watu wanadanganyika eti hauumi basi sio kitu. Angalia pia chuchu iliyoingia ndani ghafla, chuchu inayotoa damu, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, kidonda kwenye chuchu kisichopona, uvimbe kwapani. Wanaume nao wanapata, wachache lakini wapo. Uvimbe mwingi wa titi hasa kwa wasichana sio saratani, shida ni kwamba hakuna anayeweza kutenganisha upi ni upi kwa kupapasa tu.

Koo la chakula hii naomba uisome taratibu maana huku kwetu tuna ukanda wake, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania mpaka Malawi, na inawapata hadi watu wa miaka thelathini na kitu. Inaanza na vyakula vigumu, nyama na ugali vinakwama, mtu anasukumia kila tonge na maji, baadae anahamia wali laini, baadae uji, baadae hata uji unagoma. Wazee wanaificha hii kwa kusema "sina hamu ya kula". Ukiona mzee amebadilisha chakula chake kimya kimya na nguo zinaanza kumpwaya, muulize moja kwa moja: kinakwama? Akisema ndio, usinunue dawa ya vidonda vya tumbo, anatakiwa endoskopi, yaani kamera inayopita mdomoni.

Tezi dume: mkojo kutoka kwa shida, kukatika katika, kuamka usiku mara nyingi. Dalili hizi mara nyingi ni tezi kutanuka tu kwa umri, bila saratani, ila haujui mpaka apimwe. Mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha alafu miguu ikaanza kukosa nguvu au mkojo ukaziba, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na miguu ikishapooza ni ngumu kuirudisha.

Mtoto mwenye taya lililovimba haraka au tumbo linalokua kwa kasi, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Kuna saratani inaitwa Burkitt, ina jina la daktari Denis Burkitt aliyeielezea akiwa Kampala 1958, inakua ndani ya siku chache, ila pia ni kati ya zile zinazosikia dawa vizuri sana na watoto wengi wanapona wakiwahi. Na ukimpiga mtoto picha kwa flashi jicho moja likang'aa weupe, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.

Zilizobaki kwa haraka: madoa ya zambarau au meusi miguuni au kwenye kaakaa kwa mtu mwenye VVU, damu kwenye choo (kila mtu atakwambia bawasiri, sawa, inaweza kuwa, lakini mtu wa miaka 40 kwenda juu lazima aangaliwe ndani), tezi za shingo zilizovimba mwezi mzima, kidonda kisichopona, kukohoa damu.

2. Anza karibu, usikwame karibu

Zahanati au kituo cha afya ni mwanzo sahihi, sio lazima ukimbilie Dar es Salaam na basi la usiku. Lakini jiwekee kanuni: dawa ile ile ya kuua bakteria ikishatolewa mara mbili na tatizo liko pale pale, omba rufaa. Sema hivi, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Dokta, hii ni mara ya pili, naomba mgonjwa aandikiwe rufaa akachukuliwe kinyama." Neno kinyama likishatajwa mazungumzo yanabadilika.

Kuna mtego mwingine ni TB. Mtu anakohoa, anakonda, anatoka jasho usiku, tezi zimevimba, picha ya kifua haieleweki, anaanzishiwa dawa za TB. Mara nyingi ni TB kweli na ni sawa kuitibu. Ila kama makohozi hayakuonyesha vimelea na miezi miwili imepita anazidi kushuka, uliza kama inaweza kuwa saratani ya mapafu au ya tezi za limfu, na kama tezi ya shingo ikipimwa kinyama itajibu.

Na kabla ya kutoka nyumbani tengeneza faili. Begi la plastiki lenye zipu linatosha. Weka kila karatasi, kila picha, kila risiti, kadi ya bima, kitambulisho, majina ya dawa anazotumia, na kila kimoja kipige picha kwenye simu umtumie ndugu mwingine kwa WhatsApp, maana karatasi zinalowa na simu zinaibiwa.

3. Kila sehemu ina kipimo chake cha kuanzia

Watu wanapoteza hela nyingi hapa, wanafanyiwa "full body checkup" wanatoka na kurasa kumi na hakuna hata moja inayojibu swali.

Mlango wa kizazi: mwanamke asiye na dalili anaangaliwa kwa siki, nesi anapaka asidi asetiki kwenye mlango wa kizazi, baada ya dakika kama moja sehemu zenye mabadiliko zinakuwa nyeupe, na mara nyingi zinatibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandisha au kwa joto. Vituo vingi vya serikali vinafanya hiki, kinalenga wanawake wa miaka 30 mpaka 50, wenye VVU wanaanza mapema na wanarudia mara nyingi zaidi. Kuonekana weupe sio kuambiwa una saratani, ni mabadiliko ambayo yakitibiwa hayafiki huko. Ila mwenye dalili tayari, damu inatoka na kuna uvimbe unaonekana, siki haimhusu tena, achukuliwe kinyama.

Titi: chini ya miaka 40 hivi wanaanza na altrasaundi maana titi lake bado zito na mamogramu haioni vizuri, juu ya hapo mamogramu na altrasaundi pamoja. Zote mbili zinaonyesha uvimbe upo na unatia shaka kiasi gani, zinaishia hapo.

Koo na tumbo: endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unapita mdomoni. Asile kitu masaa 6 mpaka 8 kabla. Sio tamu lakini ni dakika chache, na uzuri wake kinyama kinachukuliwa hapo hapo. Utumbo mpana ni kamera ya njia ya chini, siku moja kabla anakunywa dawa ya kusafisha tumbo, afuate maelekezo kweli kweli, tumbo likiwa chafu kipimo kinarudiwa na hela inalipwa tena.

Tezi dume: kipimo cha damu cha PSA (protini inayotoka kwenye tezi dume) na kidole cha dokta. Najua wazee wetu kidole wanakikataa, mwambie baba ni nusu dakika na dokta anafanya hivyo kila siku. PSA ikiwa juu ya 4 watu wanaanza kulia, tulia kwanza: maambukizi ya mkojo yanaipandisha, tezi kubwa ya kawaida inaipandisha, mpira wa mkojo unaipandisha, hata kumwaga manii siku mbili kabla. Kama alikuwa na maambukizi yatibiwe, kisha PSA irudiwe baada ya wiki 6 hivi. Ikibaki juu au tezi iko ngumu kwenye kidole, ndo kinyama.

Sasa niwe mkweli, zipo saratani ambazo kinyama sio lazima. Saratani ya ini kwa mtu ambaye ini lake limeshasinyaa inaweza kuthibitishwa na siti skani yenye dawa ya mshipani, na saratani ya damu inaanzia kwenye damu yenyewe na uboho. Dokta akisema kinyama hakihitajiki muulize kwa nini, atakueleza.

4. Kinyama chenyewe

Hofu ya kwanza utakayoisikia kutoka kwa majirani: ukiigusa na kisu inasambaa. Hii imeua watu. Kuchukua kinyama hakuigeuzi isiyo saratani kuwa saratani, na hakuifanyi ile iliyopo iruke steji. Wanachokiona watu ni kwamba mgonjwa alienda akiwa ameshachelewa, akapimwa, baada ya miezi akafariki, basi sindano inabeba lawama.

Kuna njia kadhaa. Sindano nyembamba inanyonya seli tu, ni haraka na bei nafuu, ila kwa titi mara nyingi haitoshi. Sindano nene inatoa vipande vyembamba vya nyama, na kwa titi hiyo ndo ya kuomba. Mlango wa kizazi wanachota kipande kidogo wakati wa kuangalia. Tezi dume sindano inapitia njia ya haja kubwa ikiongozwa na altrasaundi, wanachukua vipande kama 10 mpaka 12, anapewa dawa ya kuzuia maambukizi kabla, na damu kidogo kwenye mkojo au choo siku chache ni kawaida, homa sio kawaida, akipata homa arudi usiku huo huo. Kama mgonjwa anatumia aspirini au dawa za kulainisha damu, aseme kabla hata hajalala kitandani.

Alafu hapa ndo kazi ya anayeuguza inapoanza hasa. Kile kipande kinatakiwa kiingie kwenye formalini, sio maji, sio kikavu. Angalia kwa macho yako chupa imeandikwa jina kamili la mgonjwa, tarehe na sehemu kilikotoka, na fomu ina jina lile lile, maana Mwanaidi Saidi na Mwanaidi Said wakikutana maabara mambo yanaharibika. Hospitali nyingi hazina mtaalamu wa patholojia kwahiyo sampuli inasafirishwa, Muhimbili, Bugando, KCMC au maabara binafsi, na wakati mwingine unapewa wewe chupa uipeleke. Ukipewa, ipeleke siku hiyo hiyo, isikae kwenye begi wiki. Usiondoke bila vitu vitatu: namba ya maabara ya sampuli, jina la maabara ilikoenda, na namba ya simu ya pale. Majibu yanachukua siku kadhaa mpaka wiki mbili tatu kutegemea na sehemu. Ikifika wiki ya pili piga simu. Usisubiri upigiwe, hawatakupigia, sio kwa ubaya, wana sampuli kibao.

Na sisitizo langu kubwa: uvimbe wowote ukitolewa kwa upasuaji, hata ule mdogo uliotolewa wilayani kwa nusu saa, uende maabara wote. Wanaopewa kwenye chupa wakazike nyumbani wanazika jibu. Vile vile usikubali titi likatwe au kizazi kitolewe kwa sababu ya damu kabla kinyama hakijasomwa, labda iwe dharura ya kuokoa maisha. Kizazi kikitolewa kwa operesheni ya kawaida kumbe mlango wake ulikuwa na saratani, matibabu yanayofuata yanakuwa magumu kuliko ambavyo yangekuwa.

5. Kuisoma ile karatasi

Imeandikwa kiingereza kigumu, usiogope, nenda chini kabisa penye hitimisho. Benaini (benign) maana yake sio saratani. Malignanti (malignant) au karsinoma (carcinoma), sakoma (sarcoma), limfoma (lymphoma), hizo ni saratani, na jina linaonyesha imeanzia kwenye aina gani ya seli. Insitu (in situ) ni kwamba seli zimebadilika ila hazijavamia chini, hiyo ni habari nzuri ukiitibu. Kama imeandikwa sampuli haitoshi, au inashukiwa tu, hayo bado sio majibu, irudiwe. Na kama imesema hakuna saratani lakini uvimbe unazidi kukua mbele ya macho yenu, irudiwe pia, sindano inaweza kuwa ilipita pembeni.

Gredi ni jinsi seli zilivyo na vurugu, steji ni umbali ugonjwa ulikofika, watu wanazichanganya kila siku. Gredi ya 3 sio steji ya 3. Tezi dume utaona alama ya Gleason, 6 mpaka 10, sita ni ya taratibu, tisa na kumi zina haraka. Titi hakikisha wamepima vitu vitatu zaidi kwenye kinyama kile kile: ER na PR (vipokezi vya homoni) na HER2 (protini ya kwenye seli). Hivyo ndo vinaamua kama vidonge vya homoni vitamsaidia miaka mingi au anahitaji dawa tofauti, na bila hivyo dokta anatibu nusu gizani. Kama maabara haikuvipima, uliza vinapimwa wapi na ni shilingi ngapi, maana hela hiyo ina kazi kuliko vipimo vingi vya damu wanavyoandikiwa watu.

6. Steji

Baada ya jina ndo wanatafuta imefika wapi: picha ya kifua, altrasaundi ya tumbo, siti skani, wakati mwingine MRI. Mgonjwa wa mlango wa kizazi asikose kipimo cha figo cha kreatinini, uvimbe unaweza kubana mirija ya mkojo na figo zikaumia kimya kimya. Kabla ya siti skani ya dawa sema kama ana sukari na anatumia metformini (dawa ya sukari), ana pumu, aliwahi kupata mzio, au ni mjamzito.

Steji ya 1 na 2 dokta mara nyingi anazungumzia kuponya. Ya 3 inategemea aina, nyingi bado zinatibiwa kwa nia ya kupona, mlango wa kizazi kwa mfano kwa mionzi na kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) pamoja. Ya 4 lengo linakuwa kumrefushia maisha na kumuondolea maumivu, na maumivu yanaondoka kweli, kuna mofini ya maji, mgonjwa ana haki ya kuiomba na akiitumia kama dokta alivyoandika haimuui. Aliyeziba koo kabisa anaweza kuwekewa mpira wa ndani akameza tena. Mtu asikwambie rudini nyumbani hakuna cha kufanya.

7. Mambo ya nyumbani

Hela zihesabuni mapema, nauli na pa kulala Dar au Mwanza vinaweza kuzidi dawa. Kila hospitali kubwa ya serikali ina afisa ustawi wa jamii, muone siku ya kwanza na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, sio siku hela imeisha. Uliza bima inalipa nini na nini hailipi kabla hujasaini.

Kuhusu dawa za kienyeji sitakutukana wala kumtukana bibi, najua zinaletwa kwa upendo. Ombi langu ni mawili. Asiache vipimo kwa ajili yake, na dokta aambiwe, kwa sababu baadhi zinaumiza ini na figo na kemo nayo inategemea ini na figo zilizo nzima.

Mgonjwa aambiwe. Najua familia zinaficha, "mama ana presha, atakufa kwa mawazo". Mama anajua mwili wake, anaona mnavyonyamaza akiingia sebuleni, na bila kujua atakataa dripu ya pili kwa sababu haoni inatibu nini. Muulize tu: "Mama, majibu yakitoka unataka dokta akueleze wewe, au atueleze sisi?" Fuata atakachosema.

Siku ya majibu nendeni wawili, mmoja asikilize mmoja aandike. Maswali: inaitwaje hasa, steji ya ngapi, lengo ni kuponya au kupunguza, tunaanza na nini na lini, nini kikitokea nyumbani turudi haraka. Na mkipewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, au hospitali nyingine, usibebe karatasi peke yake. Omba maabara ikupe slaidi (vioo vyenye kinyama vinavyosomwa kwenye hadubini) na vile vipande vya nta vyenye kinyama, saini mahali pa kupokelea, funga vizuri visipate joto la dashibodi ya gari. Huko mbele wataalamu wengi wanataka kukisoma upya wenyewe kabla ya kuanza tiba, ukiwa navyo mkononi mgonjwa hatochomwa sindano mara ya pili na hamtasubiri tena wiki tatu.